Ndimi za Ukutani

Uso wa mama mkwe wangu niliujua kwa picha. Picha yenyewe ilikuwa sebuleni mwetu Selly Oak, Birmingham, juu ya runinga: mama mnene mwenye mwanya, amevaa kitenge cha harusi yetu, anacheka na mtu ambaye hayumo pichani. Niliitazama nilivyopenda. Mwenyewe alipokuja kuishi nasi, kwa miezi sikumtazama hata mara moja.

Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa na heshima, na heshima ya kwetu magharibi mwa Kenya ina kazi nyingi kuliko ugomvi. Mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Hawali pamoja, kwa sababu mtu anapokula hufungua kinywa, na kinywa wazi cha mama mkwe si kitu cha kuonekana na mkwe mwenye adabu. Hata kulala chini ya paa moja kulikuwa na shida yake, lakini wazee wa upande wa mke wangu walikubali, kwa simu ya kadi iliyokatika kila walipofika penyewe, kwamba Uingereza nyumba ni ghali na paa ni lilelile moja. Wakatupa ruhusa ya paa. Hayo mengine yakabaki kama yalivyokuwa.

Alikuja kwa sababu ya mimba. Ilikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili na kitu, mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na alitaka mama yake awe karibu siku ikifika. Mama alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi, marehemu mumewe akifanya kazi bandarini, kwa hiyo sanduku lake lilikuwa na vitu vya pande zote mbili: unga wa mtama na dagaa wa kwao, na mabuyu ya Mombasa, zile mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari, pilipili na rangi nyekundu, ambazo mke wangu alikuwa akizililia tangu mimba ilipoanza. Sehemu moja ya mabuyu ilitiwa kwenye kopo la biskuti jikoni. Nyingine ilibaki sandukuni, chumbani kwa mama juu, akiba ya baada ya kujifungua. Kopo halikumaliza wiki.

Sasa, nyumba. Ilikuwa moja ya zile nyumba nyembamba zilizoshikana, kushoto wanafunzi, kulia wanafunzi, na nje kwa wanafunzi kila mara kulikuwa na kochi limenyeshewa. Ukishuka ngazi unaingia chumba cha nyuma, na ukitaka kwenda jikoni huna njia nyingine, lazima upite hapo. Hapo ndipo ilipokuwa meza yangu. Nilikuwa namalizia tasnifu yangu ya chuo kikuu, juu ya jinsi maji yanavyopenya kwenye udongo mwekundu, na nilikuwa nakaa mezani pale tangu asubuhi mpaka jioni kama mlinzi wa benki. Mke wangu alikuwa akitunza wazee katika nyumba moja kule Sutton Coldfield. Aliondoka na treni ya asubuhi, akarudi jioni miguu imevimba. Mchana wote tulibaki wawili, mimi chini, mama juu.

Nilijiona mkwe wa mfano. Nikisikia ngazi zinalia, nilikohoa ili ajue nipo, kisha nikainamia karatasi zangu nisije nikamwona. Akisikia kikohozi, alirudi juu polepole. Nami nikajisemea, tazama jinsi tunavyoelewana.

Baada ya wiki chache mama akaanza kupungua. Mke wangu ndiye aliyeniambia, mimi ningejuaje? Nguo zilimlegea. Usingizi ulimpotea. Jioni mke wangu alipompandishia sahani, alichukua vijiko viwili vitatu akasema ameshiba, na akamkataza bintiye kupandapanda ngazi na tumbo kubwa vile. Tukampeleka zahanati. Damu nzuri, presha nzuri, sukari nzuri. Daktari alisema yote hayo akiitazama kompyuta, na jambo hilo mama hakulisamehe.

Usiku huo niliisikia sauti yake kupitia dari. "Ugonjwa usioonekana si ugonjwa wa hapa. Ijumaa upige simu, wabadilishe tiketi. Kama ni kufa, nikafie kwetu."

Mke wangu alishuka akakaa kwenye ngazi ya mwisho, mikono juu ya tumbo, akalia. Yeye si mtu wa kulia. Nilikuwa nimemwona akivunjika kidole na kumaliza zamu. Siku hiyo alilia kwa kelele kama mtoto, akaniuliza atajifunguaje nchi hii ya baridi na mama yake amerudi kufa. Niliogopa sana, nasema wazi, maana kuhusu watoto wachanga nilijua yale tu niliyojua kuhusu mama mkwe, yaani picha.

Mama mwenyewe ndiye aliyeleta habari ya ulimi. Siku moja akienda sokoni na bintiye, basi lilisimama Kings Heath, mbele ya duka la dawa za Kichina, na dirishani kulikuwa na picha ya ulimi mkubwa umegawanywa kwa mistari kama ramani ya wilaya. Bintiye akamweleza: daktari wa pale anakuangalia ulimi, anajua ndani kuna nini. Mama akaitazama picha ile mpaka basi likaondoka. Sasa, tiketi ikiwa inasubiri Ijumaa, akasema kabla ya kuondoka angependa aonwe na yule anayeangalia mtu.

Mimi niliona ni upuuzi. Nilikuwa mtu wa vipimo, na nilihubiri sana jikoni kuhusu watu wanaouza mizizi barabarani. Mke wangu alinisikiliza akikoroga uji. Kisha akauliza mimi nafanya nini na udongo wangu. Nikamwambia naulowesha, nausugua kidoleni, naulinganisha na kadi za rangi.

"Na ukiwa mwekundu?"

"Una chuma."

"Umejua kwa kuangalia rangi."

"Hiyo ni tofauti."

"Sawa, Profesa. Alhamisi utampeleka wewe."

"Mimi?"

"Zamu yangu wame-change. Appointment nisha-book, na nikicancel hatapata nyingine before Friday."

"Lakini ni ulimi," nikasema. "Atautoa. Mbele yangu!"

"Basi angalia kando. Babe, please, usinistress. Mtu wa kutafsiri ni wewe tu."

Alhamisi tukapanda basi namba kumi na moja. Mama alikaa mbele karibu na dereva, mimi nikakaa nyuma kabisa, na katikati yetu abiria wa Birmingham wasiojua kwamba wao ni ukuta. Tulipopita Bournville ikaingia ile harufu ya chokoleti inayotoka kiwandani, nzito, tamu, basi zima likanukia keki. Nikamsikia mama akivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta tena.

"Mungu wangu," akaliambia dirisha. "Hata hewa yao inaliwa."

Nilicheka kimoyomoyo. Sikufikiri zaidi ya hapo, ingawa sasa naona kwamba mtu aliyeshiba haongei hivyo.

Dukani kulikuwa na makopo ya mizizi mpaka darini na harufu ya udongo mkavu, harufu ambayo, nikiri, niliipenda. Daktari alikuwa mzee mwembamba wa Kichina aliyejua Kiingereza cha kusalimia tu. Aliyemtafsiria alikuwa mkewe, mwanamke wa makamo mwenye miwani, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha Birmingham kabisa. Kwa hiyo mpango ulikuwa hivi: daktari anamwambia mkewe kwa Kichina, mkewe ananiambia kwa Kiingereza, mimi namwambia mama kwa Kiswahili, kisha tunarudi kwa njia ileile.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo kama choo cha treni. Mama aliketi, daktari akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane, na mkewe akasimama mlangoni. Nikabaki mimi, sina pa kuweka macho. Ndipo nikageuka, nikawapa wote mgongo, nikautazama ukuta.

Ukutani kulikuwa na bango la ndimi. Ndimi tupu, safu kwa safu, bila nyuso. Nyeupe, za waridi, za zambarau, zenye nyufa, zenye utando wa njano, moja imevimba na alama za meno pembeni. Nimeukimbia ulimi mmoja, nikaangukia ukoo mzima.

"Mwenzetu, mbona umetupa mgongo?" mke wa daktari akaniuliza.

"Ni mama mkwe wangu," nikauambia ukuta. "Siruhusiwi kumwona kinywa."

Akamtafsiria mumewe. Mzee akasema maneno marefu sana.

"Amesema sawa," akasema mkewe.

Kazi ikaanza. Daktari akataka mama atoe ulimi. Kwa mama hilo lilikuwa zito peke yake, maana kwetu anayemtolea mtu mzima ulimi ni mtoto aliyekosa adabu, na malipo yake ni kofi. "Mwambie anisamehe," mama akasema. "Mwambie simtukani." Nikasema. Nikasikia daktari akivuta hewa kwa meno.

Akauliza kama mgonjwa amekula kitu chochote chenye rangi asubuhi ile. Kahawa? Pipi?

"Sijala kitu," mama akasema upesi.

"Hajala kitu," nikatafsiri.

Daktari akazungumza, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeona ajali. Mkewe akanieleza kwamba ulimi kila sehemu ina mwenyewe: ncha ni ya moyo, pembeni ni ini, katikati ni tumbo, kule mwisho ni figo. Ulimi wa mama ulikuwa mwekundu kote, na nchani mwekundu zaidi, wekundu ambao mumewe alikuwa hajapata kuuona katika kazi yake yote. Maana yake moyoni kuna moto mkubwa. Hasira. Hasira nyingi imefungiwa.

Bangoni ulimi wa moto wa moyo ulikuwa safu ya juu, mwekundu wa nyanya. Niliutazama kwa hofu. Kumbe nyuma yangu alikuwa amekaa mama mwenye moto, na mimi nimempa mgongo!

"Amesema hasira?" mama akauliza.

"Amesema moto moyoni, mama. Anauliza kama kuna mtu nyumbani anayekukasirisha."

"Hakuna."

Hilo "hakuna" lilitoka haraka mno, hata Mchina akalielewa bila tafsiri. Hakubishana. Akamshika mama kifundo cha mkono, vidole vitatu, akasikiliza mshipa kwa muda mrefu. Aliponena tena sauti ilikuwa ya upole. Mkewe akasema mshipa ni mwembamba kama uzi, na mshipa kama huo ni wa mtu ambaye tumbo lake halina kazi. Akauliza: huyu mama anakula saa ngapi?

Nikatafsiri. Nikawa nimezijua zile ndimi zote za safu ya pili kwa sura, na bado mama hajajibu.

"Mwambie daktari," akasema mwishowe, "mimi hula mkwe wangu akitoka nje."

Nikatafsiri.

"Na mwambie mkwe wangu hatoki."

Sijui kama umewahi kutafsiri sentensi inayokuhusu, ukiwa umeangalia ukuta. Nikamwambia yule mwanamke kwa Kiingereza changu cha tasnifu kwamba mgonjwa hula mkwe wake anapotoka, na kwamba mkwe huyo, kwa bahati mbaya, hatoki.

"Mkwe yupi?" akauliza.

"Mimi hapa."

Kikapita Kichina. Mama hakuwa amemaliza. Ilikuwa kama kizibo kimetoka, na kwa sababu maneno yalikuwa ya daktari wala si yangu, aliweza kuyasema yote. Alisema jikoni anafika kwa kupita mezani kwa mkwe. Alisema akishuka anasikia kikohozi, anarudi. Alisema siku nyingine hukaa juu ya ngazi na kusubiri mkwe aende msalani, lakini mkwe ana kibofu cha ngamia.

Nilitafsiri hata hiyo.

"Lakini asinielewe vibaya," mama akaendelea. "Mwambie mkwe wangu ni mtu mzuri. Ananiheshimu sana. Heshima yake ndiyo inayoniua."

Hapo Kiingereza kikanikwama. Macho yalijaa machozi, ndimi zote bangoni zikachanganyika zikawa ulimi mmoja mkubwa, na wakati huohuo tumbo lilikuwa likinitetemeka kwa kicheko. Nyuma yangu daktari alikuwa anacheka tayari, kicheko chembamba cha mzee, na baada yake mkewe, na kisha nikasikia kicheko cha tatu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia. Nikatambua ndicho kile cha pichani.

Dawa alizoandika zilikuwa mbili. Moja ilikuwa mfuko wa magome na mizizi ya kuchemsha. Ya pili ilikuwa chakula cha moto, asubuhi, mchana na jioni, na asile peke yake.

"Amesema nile na watu?" mama akauliza.

"Na watu, mama."

"Mungu wangu," akasema. Lakini kwenye basi la kurudi alikaa viti viwili tu mbele yangu.

Jioni mke wangu alipoingia, nilimpa ripoti nzima mlangoni, koti bado limo mwilini mwake: moto, hasira, uzi, ngamia. Sikuficha kitu. Uso wake ulipita kwenye huruma, ukapita kwenye hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yangu. Kisha akakunja uso.

"Mwekundu kiasi gani?"

"Sikuuona. Wamesema hawajapata kuona mwekundu kama huo."

Akapanda ngazi kwa mwendo ambao daktari wake wa uzazi asingeukubali. Nikasikia mlango, nikasikia "Mama, toa ulimi," kisha mlio wa sanduku likiburutwa kutoka chini ya kitanda. Baadaye kikaja kicheko cha mtu anayeomba kicheko kimwachilie. Akashuka ameshika tumbo kwa mkono mmoja na pakiti karibu tupu kwa mkono mwingine. Ilikuwa imebaki mbegu moja. Akaitia mdomoni, akaifyonza, akaja mpaka puani pangu akatoa ulimi.

Ulikuwa mwekundu wa nyanya, nchani zaidi.

"Na mimi nina moto wa moyo?" akauliza.

Mabuyu! Mtoto yeyote aliyesoma shule ya msingi Mombasa angeijua rangi ile kutoka ng'ambo ya barabara. Nami, ingawa nilisoma bara, nilikuwa nimeyala ya kutosha kwa mke wangu. Katika chumba kile cha daktari, mtu mmoja tu angeweza kuutazama ule ulimi na kusema hapana, hiyo ni rangi ya dukani, na mtu huyo alikuwa anatazama ukuta.

"Mama!" mke wangu akaita juu. "Umekula mabuyu yangu yote!"

"Nilikuwa na njaa!" ikaja sauti, kali, wazi, ya nyumba nzima. "Na yule mzee nikamdanganya! Ningesema nini, kwamba mtu mzima nafyonza mabuyu ya mjamzito chumbani?"

Ijumaa ikafika na hakuna aliyepiga simu ya tiketi. Niliamka mapema nikakusanya karatasi zangu niende maktaba ya chuo, nimwachie mama njia. Nilikuwa mlangoni sauti ikanizuia kutoka juu ya ngazi. Haikuniita mimi. Iliuambia ukuta wa ngazi kwamba daktari alisema na watu, na kama mtu mmoja yuko treni na mwingine yuko maktaba, hao watu ni akina nani?

Jioni ile mke wangu akabuni mpango wa viti. Aliviweka mgongo kwa mgongo katikati ya chumba cha nyuma, kimoja kinaangalia jikoni, kimoja kinaangalia bustani na kochi la wanafunzi. Mama akakaa cha jikoni. Mimi nikakaa cha bustani, sahani mapajani. Tulikula hivyo mchana wa kwanza. Nilisikia kijiko chake kikigonga sahani, kikigonga tena, halafu kikikwangua. Sijawahi kufurahia sauti ya mtu anayekwangua sahani kama siku ile. Nilimwongezea ugali kwa kupitisha mkono juu ya bega langu, bila kugeuka, na ukapokelewa.

Kwa mgongo tulizungumza zaidi kuliko wakwe wengi wanaotazamana. Alinieleza habari za bandari, nami nikamweleza udongo. Alisema udongo mwekundu wa kwao ukinyeshewa unanata kwenye jembe, na akanishangaa kwamba mtu anasafiri mpaka Ulaya kuandika hilo.

Dawa ya mizizi nayo ilichemshwa, kwa sababu mama alisema ameshaipokea. Harufu yake sitaieleza. Mwanafunzi wa kushoto alibisha hodi kuuliza kwa adabu kama kuna kitu kimeoza kwenye bomba, na mama, aliyekuwa jikoni, akamletea kikombe. Kijana akanywa, maskini, akasema asante. Hakubisha tena.

Tuliporudi kwa daktari Kings Heath, mama alibeba kiganja cha mabuyu yaliyokuwa yamemwagika kwenye kona ya sanduku, amekifunga katika karatasi. Nilieleza yote kwa ukuta, mke wa daktari akatafsiri, na nikamsikia mzee akiifungua karatasi. Kisha nikasikia anafyonza. Akafyonza kwa makini, kama anayepima. Akaomba kioo. Mkewe akasema anautazama ulimi wake mwenyewe, na kwamba amesema yeye pia sasa ana hasira nyingi imefungiwa, nayo ni ya miaka ya ndoa.

"Amesema kweli?" nikauliza.

"La mwisho nimeongeza mimi," akasema.

Alipomaliza kucheka mzee akasema kitu kichachu kinafaa ini, lakini siku ya kupimwa tafadhali asile. Rangi ilimdanganya, mkewe akaeleza, ila mshipa hauna rangi.

Mtoto alizaliwa mwanzo wa majira ya baridi, msichana, mwenye sauti. Mama ndiye aliyemwogesha, akamkanda, akampakata, akamkanya mke wangu asishike maji baridi. Viti vilibaki mgongo kwa mgongo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na muda wa kuvifikiria.

Siku moja mchana nilirudi kutoka chuoni, nimekabidhi sura ya mwisho ya tasnifu, na furaha ilinisahaulisha kukohoa. Nilifungua mlango wa chumba cha nyuma. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mtoto mapajani, nyuso zao karibu zigusane. Alikuwa anamtolea ulimi. Anautoa, anaurudisha, anautoa. Na mtoto, macho yamemtoka kwa bidii, naye akauchomoza ulimi wake mdogo kama ncha ya kidole.

Nilipaswa kugeuka. Miguu ilikataa, na nasema kweli, hata shingo ilikataa. Mama akainua macho akanikuta nimesimama mlangoni, ulimi wake bado uko nje.

Akaurudisha polepole.

"Umeona?" akaniuliza, mimi mwenyewe, si ukuta wala dirisha.

"Nimeona, mama."

"Una rangi gani?"

Nikafikiri kama mtu wa udongo. "Waridi, mama. Utando mweupe kidogo. Na katikati kuna ufa."

"Ufa wa katikati ni tumbo," akasema kidaktari. Kisha ule mwanya wa pichani ukatokea, mzima, mbele yangu. "Lina njaa. Pakua chakula."

Nikaenda jikoni nikapakua sahani mbili. Niliporudi nilikuta mikono yake bado imejaa mtoto, kwa hiyo lazima alitumia mguu. Kiti changu kilikuwa kimegeuzwa.